Picha Si Yako, Biriani Si Hiyo

Kila ukoo una mtu mmoja anayesemekana "anajua kompyuta", na kwetu balaa hilo limeniangukia mimi. Sina cheti wala kozi. Niliwahi tu kuonekana harusini nikizirudisha spika zilizokuwa zimenyamaza, nazo zilichomoka waya, basi. Tangu hapo kila jamaa mwenye biashara, awe muuza biriani, mabuibui, makochi au safari za dau, huniletea ukurasa wake wa mtandaoni nimtilie picha. Hawaniulizi kama nina nafasi. Huniuliza kama simu yangu ina chaji.

Ningevumilia kama wangeniletea picha zao wenyewe. Lakini hapa Mombasa, mji ambao hata muuza madafu wa Mama Ngina ana simu yenye kamera tatu mgongoni, mfanyabiashara wa ukoo wetu hataki katu kukipiga picha kitu anachokiuza. Anataka picha ya kitu cha mtu mwingine, kilichopikwa au kushonwa nchi nyingine, kikapigwa na mtu aliyenunua lenzi kwa bei ya pikipiki. Nikiuliza picha imetoka wapi, jibu ni moja: "Iko hapo Google."

Google haina picha ya mahamri hata moja. Inachofanya ni kukuonyesha picha zilizomo kwenye kurasa za watu, na kila moja ina mwenyewe. Hili nimelieleza hadi mate yakanikauka. Mtu ambaye hathubutu kupita kwenye karai la jirani akachukua kiazi bila kulipa, eti kwa kuwa kinaonekana kutoka barabarani, atachukua picha za watu tangu alfajiri hadi adhuhuri, kisha awahi safu ya mbele msikitini na moyo mweupe kabisa.

Nimuanze Shangazi, maana mkubwa hutangulizwa. Shangazi anauza mahamri na mbaazi asubuhi pale Kibokoni, na biriani siku ya Ijumaa. Biriani yake haina mpinzani. Wako watu wa Nyali wanaovuka daraja na foleni yake yote kwa ajili ya sahani moja. Lakini ukurasa wake ulifunguliwa na mjukuu, na mjukuu alipotafuta neno "biriani" akaangukia picha ya biriani ya Hyderabad: chungu cha udongo kilichozibwa mdomo kwa unga, wali mrefu ndani, majani ya nanaa juu, na mvuke unaopanda kwa adabu. Sasa, biriani ya kwetu, kama ajuavyo kila mtoto wa Pwani, wali hupikwa kando na masala kando, vikaja kukutana sahanini. Ijumaa moja akaja mteja mgeni, simu mkononi. Akapewa sahani yake. Akaitazama, kisha akaitazama simu.

"Mama, chungu kiko wapi?"

"Chungu gani, mwanangu?"

"Hiki hapa."

Shangazi hakubabaika. Akamwambia kimevunjika. Mteja akataka apunguziwe bei ya chungu.

Nikaitwa kusuluhisha, kwa kuwa kosa la picha ni kosa la kompyuta, na kompyuta ni mimi. Nilipoiangalia ile picha vizuri nikaona katikati yake lilikuwa limepitishwa jina la mpiga picha kwa herufi hafifu, na mjukuu alikuwa amelifunika kwa nyota nyekundu yenye neno OFA. Shangazi aliona mjukuu ni hodari. Mimi niliona kosa limepandishwa juu ya kosa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haikutosheka na kukataza kunakili kazi ya mtu bila ruhusa. Imekataza pia kuondoa au kubadilisha taarifa za kielektroniki zinazomtambulisha mwenye haki. Kuchukua ni kosa, na kumfuta jina uliyemchukulia ni kosa jingine.

Hapo ndipo utetezi huanza, nao nimeshauhifadhi kwa ghibu. Wa kwanza: "Lakini nimeandika chini yake, 'Picha: Intaneti'." Wenye adabu zaidi huandika "Shukrani kwa mwenye picha", na huyo mwenye picha hawamjui wala hawajamtafuta. Kumshukuru mtu si kumwomba. Wa pili: "Nimeikata pembeni na kuigeuza rangi." Kuigeuza kazi ya mtu nako kunataka ruhusa yake. Wa tatu: "Haina ile alama ya herufi C ndani ya duara." Alama hailazimiki. Mkataba wa Berne ni wa mwaka 1886, Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, na chini ya mkataba huo hakimiliki haingoji muhuri wala usajili. Mtu akishapiga picha, haki ipo. Ukitaka unaisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ikufae siku ya kuthibitisha, lakini si sharti. Utetezi wa nne ni wa Mjomba, fundi wa makochi wa Mwembe Tayari, anayeposti makochi ya Italia: "Mimi sijapata hata shilingi kutokana na picha hiyo." Hilo namuamini. Mtu aliyeona kochi la Italia kwenye simu kisha akaja kuliona la Mjomba, shilingi hazitoki.

Mjomba ndiye pia aliyesikia kwamba picha za zamani ni huru. Ana ukweli ndani yake: kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya picha hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma, ukihesabu ule uliokuja mwisho. Alifurahi mno. Sasa ukurasa wake wa makochi umejaa Mombasa ya kale, pembe za ndovu mjini bila matatu hata moja chini yake, majahazi Bandari ya Kale, watu wamesimama barazani. Kochi halionekani. Tarehe za picha zenyewe anazikadiria kwa kutazama upana wa suruali za waliomo. Kisha ananiuliza mbona wateja hawapigi simu.

Shemeji naye ana dau la kupeleka wageni kwenye matumbawe huko Diani. Diani, jamani! Mchanga mweupe unaosifiwa dunia nzima, minazi, maji yakipwa unatembea mbali hadi ukasahau ulikoacha ndara. Yeye ameweka picha ya vibanda vilivyosimamishwa kwa nguzo juu ya maji ya buluu, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuiona Diani anajua si la Diani. Ni Maldives. Nilipomwambia, akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekosa jiografia shuleni.

"Shemeji, kwani hiyo si Bahari ya Hindi? Na hii yetu ni bahari gani?"

Mtu wa namna hiyo humjibu. Unamnywea chai yake na kuondoka.

Alipokubali hatimaye kupiga picha zake mwenyewe, akaniletea balaa jipya: akawapiga abiria wake. Mama mmoja amelala mdomo wazi. Mabwana na mabibi ambao sina hakika kama wamefika Diani na watu ambao nyumbani wanatarajiwa kufika nao. Watoto ndani ya maji. Zote akaziposti, na maneno "Wateja wetu wenye furaha". Na hapa ndipo watu wengi hupotea, maana wanadhani ukibonyeza wewe basi umemaliza. Picha ina haki ya aliyeipiga, na sura iliyomo ni ya mwenyewe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu anayetambulika ni data yake. Huwezi kuitumia kuuzia bidhaa zako bila ridhaa, na ya mtoto huitoa mzazi au mlezi.

Shemeji akacheka, akasema hizo ni sheria za makaratasi. Nikamsomea makaratasi. Desemba 2022 kampuni moja ya simu ilitozwa faini ya shilingi milioni 5 na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa jambo lililoanzia kwenye picha ya mtu mmoja iliyotiwa kwenye stori ya Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 ikawa zamu ya klabu moja ya Nairobi, iliyoposti picha ya mteja aliyekuja kustarehe: shilingi 1,850,000. Siku hizo hizo shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Upeo wenyewe kisheria ni milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ikichukuliwa ndogo kati ya hizo mbili. Shemeji akapiga hesabu ya asilimia 1 ya mapato ya dau lake, akaona si pesa za kumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni pale nilipomuuliza kama amewahi kumwona mume wa yule mama aliyelala mdomo wazi. Picha zilishuka usiku uleule.

Sasa abiria wanaulizwa kabla dau halijang'oa nanga, na wanaokubali wanaandika sahihi kwenye daftari. Daftari lenyewe, bila shaka, nilinunua mimi.

Binamu yangu wa mabuibui kesi yake ni ndogo zaidi, ingawa kelele zake ni kubwa. Anaagiza nguo Dubai na kutumia picha za wasichana waliovalishwa na muuzaji wa kule. Nikamwambia: muulize huyo muuzaji wa jumla, mara nyingi atakuruhusu maana nguo ni zake na anataka ziuzwe, lakini akuandikie. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, mradi usiufute. Binamu anasema ataonekana mshamba. Mtu anayebishana bei ya kontena zima kwa sauti ya kuamsha mtaa anaona haya kuuliza swali la mstari mmoja.

Aliyenishinda kwa hoja ni mpwa wangu, mtoto wa shule, aliyebonyeza simu siku Shangazi alipokubali kupanga mahamri yake kwenye sinia. Anadai picha ni yake, na kila sinia ikiuzwa apewe chake. Ili kumnyamazisha nikamsimulia kisa cha kima wa Sulawesi, Indonesia. Mwaka 2011 mpiga picha wa Uingereza, David Slater, alikuwa huko msituni, na kima mmoja akaibonyeza kamera, akajipiga picha meno yote nje. Picha ikazunguka dunia. Wikimedia Commons ikaiweka kwenye hazina yake, hoja ikiwa kwamba aliyebonyeza ni mnyama, na mnyama hana hakimiliki. Mwaka 2015 shirika la kutetea wanyama, PETA, likafungua kesi Marekani kwa niaba ya kima mwenyewe. Mwaka 2017 wakapatana: Slater akakubali kutoa asilimia 25 ya mapato ya baadaye ya picha hizo kwa mashirika yanayowalinda kima hao. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema mnyama hawezi kushtaki kwa sheria ya hakimiliki.

Katika kisa chote hicho, alichokisikia mpwa wangu ni asilimia 25.

Ikabidi nimrudishe Kenya. Sheria yetu inamtambua kuwa mtunzi wa picha yule aliyehusika na mpangilio wake. Aliyepanga sinia, akachagua mwanga wa mlangoni, akasema "inama, sogea, usimchukue paka" ni Shangazi. Tena ukimpa kazi mpiga picha ambaye si mwajiriwa wako, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwako uliyeagiza kazi, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ndiyo maana nawasihi watu waandikiane: picha ni za nani, zitatumika wapi, kwa muda gani. Mpwa akauliza kama mahamri mawili na chai ni mkataba. Nimeahidi kumtafutia jibu akimaliza shule.

Najua kuna msomaji anayesema, basi si kuna picha za bure? Zipo, na bure ina masharti kuliko mkopo wa benki. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, zina herufi zake, na herufi hizo ndizo mkataba. BY, mtaje mwenye kazi. NC, usiitumie kibiashara, na biashara ni biashara hata ikiwa, kama ya Mjomba, haina faida. ND, usiibadilishe. SA, ukiibadilisha itoe kwa masharti yaleyale. CC0, chukua. Kuna pia hazina kama Unsplash, Pexels na Pixabay zinazoruhusu hata wafanyabiashara bila malipo, lakini hazikuhakikishii kwamba kila uso uliomo uliombwa ridhaa ya kutangazia dawa ya minyoo. Na hata zile hazina za kulipia zina picha zilizoandikwa kuwa ni za habari tu. Hizo ndizo Mjomba huzitafuta kila mwanariadha wetu akishinda, ili ampongeze kwa nembo ya duka la makochi iliyo kubwa kuliko medali. Pongezi hiyo ni tangazo.

Halafu jaribu kuitafuta humo familia ya Kiafrika ikila. Utaletewa watu wanne wenye meno meupe wanaoichekea bakuli ya majani. Mimi nimeishi Pwani maisha yangu yote, sijawahi kumwona mtu akiichekea kachumbari.

Na ukishapata picha halali, weka ushahidi: imetoka wapi, lini, kwa leseni ipi. Usiseme mimi nimenyooka, nitaogopa nini. Carol Highsmith, mpiga picha wa Marekani, amezitoa maelfu ya picha zake kwa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo ili umma uzitumie bila malipo. Desemba 2015 taasisi yake mwenyewe ikapokea barua ya madai: lipeni dola 120 kwa kutumia picha fulani. Picha hiyo aliipiga yeye. Mwaka 2016 akaishtaki Getty Images, kampuni ya kuuza picha, akidai dola bilioni 1, mahakama ikatupa sehemu kubwa ya madai yake, na yaliyobaki yakamalizwa kwa mapatano. Ikiwa mtu anaweza kudaiwa kwa picha aliyoipiga kwa mkono wake, wewe uliyeitoa "hapo Google" utasema nini?

Mjukuu wa Shangazi, ambaye hajifunzi, akaja na dawa ya mwisho: akili mnemba. Akaiagiza imchoree mahamri. Yakaja manene, ya duara, yana tundu katikati, yamenyunyiziwa sukari ya rangi, na mkono unaoyashika una kidole cha ziada. Shangazi aliyatazama kwa muda, akasema "Hasbunallah", akatoka nje kupunga hewa. Tena pana Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, inayokataza kumpa mteja maelezo ya uongo kuhusu unachomuuzia. Chungu ambacho hakikuwahi kuwako ni maelezo ya uongo, hata kikichorwa na mashine.

Nimesikiliza visingizio vyao vyote, na siamini tena kwamba tatizo ni pesa au kutojua. Simu wanazo. Mwanga wa jua tumepewa zaidi ya haja. Tatizo ni kwamba tunazionea haya sahani zetu. Shangazi anajua biriani yake inawavusha watu daraja, lakini haamini kwamba inaweza kusimama kwenye kioo cha simu bila kuazima uso wa biriani ya Wahindi. Wahenga walishayasema mawili: chema chajiuza, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Sheria hii ya hakimiliki, pamoja na usumbufu wake wote kwangu, imetulazimisha kuuza kile tunachokiuza.

Picha ya mahamri ya Shangazi sasa iko ukurasani. Sinia limebonyea upande mmoja, na juu ya onyo lote alilotoa, mkia wa paka umeingia kwenye kona. Wateja wameongezeka, na hakuna aliyeulizia chungu.

Juzi akanipigia simu akiwa amefura. Mama mmoja wa Bamburi anayeuza mahamri ameichukua ile picha nzima, sinia, bonyeo, mkia wa paka, akaitia kwenye ukurasa wake. Nilidhani nitamtuliza kwa kumwambia kwamba kuibiwa ni dalili ya kusifiwa.

"Kuibiwa si neno," akasema. "Lakini chini yake ameandika 'Picha: Intaneti'. Tangu lini mimi nikawa intaneti?"

Anataka barua yenye nambari ya kifungu cha sheria, na anataka milioni 5, kwa kuwa ndiyo nambari aliyoisikia kwa Shemeji. Mpwa ameshadai robo. Barua itaandikwa na mimi, kwa karatasi yangu na wino wangu. Malipo yangu ni mahamri manne na bakuli ya mbaazi, na nimeonywa mapema kwamba nikitaka kuyaposti, niombe ruhusa kwanza.